Gesi ya Kuchekesha Injini

Kwa mwaka mmoja na nusu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba injini ya pikipiki inaweza kucheka, na kwamba injini ikishacheka haisikii mlima.

Habari hii niliipata darasani. Tulikuwa watu wazima kama ishirini hivi tukisoma masomo ya jioni katika shule moja ya msingi hapa Eldoret, magoti yamebanwa na madawati ya watoto wa darasa la tatu, picha ya Rais ikitutazama kutoka juu ya ubao. Jirani yangu wa dawati alikuwa dereva wa lori, Msomali mrefu aliyebeba mahindi kutoka Turbo na kuyapeleka kila mahali penye tumbo. Jioni moja mwalimu wa kemia alitufundisha kuhusu gesi ambayo madaktari wa meno humvutisha mgonjwa asisikie maumivu. Alisema watu wengine huiita gesi ya kuchekesha. Yule dereva akaniinamia sikioni.

"Warya, hiyo gesi naijua. Kuna Kalasinga mmoja Nakuru aliwekea pikipiki yake. Ikacheka."

"Ikacheka vipi?"

"Kwa ekzosi! Ha-ha-ha! Ikapanda mlima wote ikicheka. Kufika juu akatoa ufunguo, ikaendelea kucheka dakika tano."

Mtu mwingine angeuliza maswali. Mimi nilinyanyua mkono nikamwuliza mwalimu kama gesi hiyo inaungua. Akajibu kwamba yenyewe haiungui, lakini ikipata moto hutoa oksijeni, na oksijeni husaidia vitu vingine kuungua. Basi. Nilikuwa na ushahidi wa sayansi na ushahidi wa Kalasinga. Tena mjue kwamba miaka ile mambo mengi hayakusemwa kwa sauti. Hukujua jirani yako akitoka pale anaongea na nani. Kwa hivyo tuliongea sana juu ya injini. Injini haikuwa na chama. Ungeweza kuisifu, ungeweza kuitukana, na ungelala nyumbani kwako.

Pikipiki yangu ilikuwa ndogo, nyekundu, injini yake ukubwa wa sufuria ya uji. Niliinunua kwa karani wa serikali aliyehamishwa kutoka Mombasa kuja huku. Alikuja nayo kwa treni, akaonja baridi ya Julai, akaapa hatapanda tena chombo kisicho na paa. Ilikuwa na tabia zake. Ilikunywa petroli kama wageni wa harusi wanavyokunywa soda. Ilitoa moshi mweusi mpaka kuku wa Pioneer, mtaa nilikokuwa nimepanga, wakadhani jua limetua wakaenda kulala. Plagi niliitoa kila Jumapili nikaikuta nyeusi kama mkaa, nikaisugua kwa msasa. Kwenye tambarare haikuwa na neno. Lakini ikiona mlima, na hasa ikiwa imebeba watu wawili, ilikohoa, ikapiga magoti, ikazimika.

Kati ya chumba changu na kiwanda cha nguo nilikokuwa karani wa stoo, kulikuwa na fundi wa pikipiki, mtu mnene kutoka upande wa Ziwa, aliyefanya kazi nje juu ya gunia. Kila asubuhi alinisikia nikija kabla hajaniona. Alisimama na spana mkononi akaita, "Karani! Leta hiyo kitu niiangalie!" Nami nilipunga mkono nikapita. Ningempelekea vipi? Mimi nilikuwa mtu wa kemia. Yeye hata alama ya oksijeni hakuijua.

Sasa niseme habari za abiria wangu.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini, lakini kwao ni Kaptagat. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda kumwona mama yake, na kwa kuwa nilikuwa na pikipiki, nilijitolea kumpeleka. Nilimwita Mwalimu. Yeye aliniita Dereva. Alikaa nyuma yangu ameshika kikapu kwa mkono mmoja na koti langu kwa mwingine, na mimi, naapa, nilikuwa naendesha nimevimba mpaka vifungo vya koti vikaomba msaada.

Kuna kona moja karibu na kwao, pale misonobari inapoanza kubana barabara na harufu ya utomvu inakupiga puani. Hapo ndipo pikipiki ilipokataa. Kila mwezi, hapo hapo. Mwalimu alishuka bila kuambiwa, akavua viatu vyake vyeupe akaviweka kikapuni, akaweka kiganja juu ya kiti cha pikipiki kama mtu anayemswaga ng'ombe mpole. Tukapanda kwa miguu. Mimi nasukuma, yeye anaongea. Aliniambia juu ya mtoto wa darasa la kwanza aliyeulizwa jina la baba yake akaandika la fahali wao. Aliiga jinsi mwalimu mkuu wao anavyopiga chafya akihutubia gwaride. Sauti yake ilikuwa ikipungua pumzi kadiri tunavyopanda, na akicheka alisimama kabisa, mkono kiunoni, mpaka amalize. Nusu ya maneno sikuyasikia. Nilikuwa nimeshughulika na aibu.

Huko juu mama yake alisimama langoni akitutazama tangu mbali, kanga mabegani. "Mwalimu," alimwuliza binti yake mara ya kwanza, "huyu kijana amekuleta, ama wewe ndiye umemleta?"

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka. Nilirudi Eldoret na maneno yale yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka ulipokuwa unaisha, Mwalimu akaniambia amepata barua. Januari anahamishiwa Lodwar. Jumamosi ya mwisho ya Novemba ingekuwa safari yetu ya mwisho. Baadaye shule zingefungwa, angekaa kwao Krismasi, kisha angepanda lori la kaskazini.

Nikaweka nadhiri. Siku nitakayomfikisha kwa mama yake akiwa ameketi juu ya pikipiki, viatu mguuni, siku hiyo hiyo nitamwambia kwamba nataka tuoane. Nisipomfikisha, sina uso wa kusema. Kijana asiyeweza kumpandisha msichana kona moja angempandisha maisha namna gani? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri kwa nguvu zangu zote.

Nilikuwa na wiki tano. Gesi niliipata mnadani. Daktari wa meno mmoja alikuwa anafunga kliniki yake arudi kwao ng'ambo, na vitu vyake viliuzwa kwa mafungu. Mtungi wa gesi, wa buluu, mrefu kama chupa kubwa ya chai, ulikuwa fungu moja na kiti cha wagonjwa. Ukitaka mtungi unachukua na kiti. Nikachukua. Kiti kile kilibebwa na wanaume wanne mpaka chumbani kwangu, kikajaza nusu ya chumba, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia aliketi, akalala chali, akafungua kinywa. Hata Mwalimu, alipopita mchana mmoja kunirudishia kitabu. Alipanda akalala, akafumba macho akasema, "Ng'oa lote, Dereva, usibakishe." Nilisimama pale na bisibisi mkononi kama mjinga. Kuhusu mtungi, ambao ulikuwa mezani mbele yake, sikusema kitu. Nilitaka uwe mshangao.

Kazi yenyewe niliifanya Jumapili nne. Bomba jembamba la shaba nililitoa kwenye friji mbovu ya mafuta ya taa. Koki ndogo nilipewa na yule dereva wa lori, hakusema ilikotoka na mimi sikuuliza. Mtungi niliufunga chini ya tangi la petroli kwa mpira wa tyubu, nikaupitisha mara nane. Bomba likaingia kwenye ule mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta, nikaziba kwa gundi ya kuzibia pancha. Koki ikafungwa kwa waya wa breki ya baiskeli, na breki yenyewe ikakaa kwenye usukani upande wa kushoto, karibu na klachi. Ukibana breki hiyo, gesi inaingia. Ukiachia, inakoma. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Ilifanana na mgonjwa aliyetoroka wodini na dripu yake. Kwangu mimi ilikuwa ndege.

Tuliijaribu barabara ya Turbo, mimi na dereva, mahali palipo tambarare. Nikaweka gia ya tatu, nikabana.

Jamani! Sijui niwaambie nini. Pikipiki ilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, kali, nyembamba, inapanda na kushuka, na moshi mweusi ukapotea kabisa. Miti ilirudi nyuma. Kofia yangu ilibaki Turbo, mimi nilikaribia kufika Webuye. Yote hayo yalidumu labda sekunde nne. Niliporudi, dereva alikuwa ameketi chini kando ya barabara ameshika kichwa.

"Imecheka!" akapiga kelele. "Warya, umesikia? Imecheka!"

"Nimesikia!"

"Cheka tena!"

Tukaichekesha tena. Na tena. Ya nne tuliifanya kwa ajili ya wachuuzi wawili wa mahindi ya kuchoma waliosema hawaamini. Mtungi wenyewe haukuwa na geji, na mimi, mtu wa kemia, sikuwahi kujiuliza daktari wa meno alikuwa amebakisha kiasi gani.

Jumamosi ikafika. Mwalimu alivaa gauni la kijani na vile viatu vyeupe. Aliona bomba na mtungi, akavigusa kwa kidole.

"Dereva, hii ni nini?"

"Utaona kwenye kona."

Tulikuwa tumetoka mjini kidogo tu tulipokuta kizuizi cha polisi. Askari akatuzunguka mara mbili, polepole, akainama mbele ya mtungi. Zamani hizo mtungi wenye waya haukuwa kitu cha kumwonyesha askari.

"Hii ni nini?"

"Gesi ya kuchekesha, afande."

"Ya kuchekesha nani?"

"Injini, afande."

Alinitazama. Halafu akamtazama Mwalimu, kwa huruma nadhani, akasema, "Haya, nendeni."

Hapo ningekwenda. Mwalimu alinigonga begani akaninong'oneza, "Twende basi." Lakini kulikuwa na askari wengine wawili pale, na wenye lori moja la mbao, na wote walikuwa wanatazama mtungi wangu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Afande, nikuonyeshe?"

Nikaipigisha makelele nikiwa nimesimama, nikabana breki yangu, nikashikilia. Injini ikalia ile sauti yake. Askari waliruka nyuma, kisha wakashikana mabega wakacheka mpaka mmoja akaangusha kofia. Nilishikilia labda muda wa kusema sala fupi. Tulipoondoka walitupigia saluti. Nilijiona nimeshaoa.

Tukafika kwenye kona. Misonobari, utomvu, barabara inajikunja kwenda juu. Pikipiki ikaanza kukohoa kama desturi yake. Nikamwambia Mwalimu, "Jishikilie," naye akanishika kiunoni kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kikapu kikanibonyeza mgongoni. Nikabana.

Ikasema ha. Mara moja tu. Tulisogea kama urefu wa nyumba mbili, upepo ukanigusa masikio, kisha likasikika pss, na injini ikazimika. Nikabana tena na tena. Mtungi ulikuwa baridi kama barafu na hauna kitu. Nilibaki nimekaa pale, mguu mmoja chini, mikono yake ikiwa bado kiunoni kwangu. Halafu ikaachia.

Alishuka. Akavua viatu, akaviweka kikapuni, akaweka kiganja juu ya kiti.

"Basi, Dereva," akasema, "tumefika mahali petu."

Tukapanda. Siku hiyo hakuongea sana. Alitembea karibu, karibu kuliko siku nyingine, gauni lake likigusa gurudumu la nyuma mpaka likashika mafuta chini. Ndege walikuwepo, sikuwasikia. Karibu na juu, kabla mama yake hajaonekana, alisimama, ingawa hakuwa anacheka.

"Umenyamaza sana leo."

"Nafikiria gesi," nikasema.

"Gesi," akasema. Alingoja kidogo. Kisha akatoa viatu kikapuni, akajifuta nyayo kwenye nyasi, akavivaa. Tukaenda langoni. Mama yake hakuuliza nani amemleta nani. Tulikunywa chai, nikasema kwaheri, nikashuka mlima injini imezimwa, maana kushuka haikuhitaji kitu.

Kutoka Lodwar aliniandikia barua mbili. Ya kwanza ilisema shule ina walimu wanne na joto la watu mia. Ya pili ilikuwa fupi. "Huku ni tambarare tupu," aliandika, "hakuna kona hata moja. Ungefika." Niliisoma nikafurahi sana, nikaketi kwenye kiti cha daktari wa meno, nikamjibu kurasa nne kamili juu ya mahali ninapotarajia kupata mtungi mkubwa zaidi. Nilimchorea na mchoro. Sikupata jibu. Nilingoja. Nilipita posta kila siku mpaka karani wa pale akawa anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Mwaka uliofuata nikafaulu mtihani wangu wa masomo ya jioni, kemia nikapata alama nzuri kuliko wote darasani, na nikaamua kuiuza pikipiki. Nikataka ionekane vizuri kwa mnunuzi. Asubuhi moja fundi mnene aliposimama na spana yake kuita, nilifunga breki. Alishangaa mpaka akanyamaza.

Aliisikiliza injini, akatoa plagi akainusa, akafungua kabureta, akatoa kitu kidogo cha shaba kama punje ya mchele, akakitazama kwenye jua, akakitia mfukoni. Akachagua kingine kwenye kopo la mafuta, akakikaza, akafunga. Hata chai yangu ya kibandani ilikuwa haijapoa.

"Nipeleke mlima," akasema, akapanda nyuma. Springi zililia.

Sijui kwa nini nilikata njia ya Kaptagat. Milima mingine ilikuwepo. Tulipofika kwenye kona, kwa mazoea tu, nilipunguza moto nikatoa mguu.

"Unasimama nini?" fundi akaniuliza. "Kwani kuna mtu anashuka?"

Nikaongeza. Pikipiki ikapanda. Haikukohoa, haikucheka, haikufanya lolote la ajabu, ilipanda tu, mimi na mtu mnene aliyekuwa akiimba wimbo wa kanisa nyuma ya sikio langu, misonobari ikipita kulia na kushoto upesi mno. Sehemu ile yote ya kutembea, pale Mwalimu alipoiga chafya ya mwalimu mkuu, pale alipovaa viatu, ilikwisha kabla sijaitazama.

Mama yake alikuwa langoni. Alinitambua kwa pikipiki.

"Kijana! Leo umefika umekaa."

"Ndiyo, Mama."

Alitukaribisha chai. Nilimwuliza habari za Mwalimu, akasema hajambo, ameolewa huko huko na mwalimu mwenzake. Wazee wa upande wa kijana walikuja Aprili kuongea. Walishuka barabara kuu wakapanda kwa miguu kwenye mvua, matope mpaka hapa, akaonyesha magotini. "Walikuwa wamechoka, maskini. Nikawawashia moto."

Alipoingia ndani kuongeza chai, fundi alinitazama akaona kitu usoni pangu. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia yote kuhusu pikipiki: gesi, mtungi, Kalasinga wa Nakuru, injini inayocheka. Habari za Mwalimu sikumwambia. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichovya mkate kwenye chai yake, akatafuna, akameza.

"Karani, injini haicheki. Una bahati haikupasuka. Hii pikipiki ilikuja na jeti ya Mombasa, ile punje ya shaba inayopitisha petroli. Kule chini hewa ni nzito, huku juu ni nyepesi, kwa hivyo petroli ilikuwa inazidi hewa, injini ikawa inasongwa. Nimeweka jeti ndogo. Kila pikipiki inayotoka Pwani tunaibadilishia, ni kazi ya dakika kumi." Akafuta vidole kwenye suruali. "Na ulikuwa unapita pale kwangu kila siku. Ungeuliza tu."